Barua ya wazi kwa wakabidhi wa Wikipedia: aliye ndani ya mzozo asiuamue

Ndugu wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, na nyote mliopewa vitufe vya kufunga kurasa na kuwazuia watu kuhariri, ambavyo sisi wengine hatuna,

Naandika nikiwa mhariri wa kawaida wa kujitolea, nisiye na cheo chochote zaidi ya akaunti na orodha ndefu ya kurasa ninazozifuatilia. Sina kesi ninayotaka ifunguliwe upya, wala mtu ninayetaka kumtaja. Nina ombi moja, na yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo: mkabidhi aliyeshiriki katika ubishi juu ya makala asitumie madaraka yake kuumaliza ubishi huo. Asifunge ukurasa, asimzuie anayebishana naye, asitangaze kwamba mjadala umekwisha. Amwite mwenzake asiyehusika, na huyo atakayeitwa aandike sababu za uamuzi wake mahali ambapo kila mtu ataweza kuzisoma.

Najua wengi wenu mtasema kanuni hiyo ipo tayari. Ipo, kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na imefafanuliwa vizuri. Lakini Wikipedia ina matoleo ya lugha zaidi ya 300, na katika mengi ya hayo kanuni hiyo ni desturi tu: inafuatwa mkabidhi akiwa mtulivu, inasahaulika siku anapokasirika. Desturi ya namna hiyo haimlindi mtu yeyote siku anapoihitaji.

Kwanza niutetee ubishi wenyewe, maana nachelea barua hii isomwe kama malalamiko ya mtu aliyechoshwa na kelele. Wahariri wanaobishana kwa hoja na vyanzo huinufaisha makala. Mwaka 2019 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti wa Feng Shi, Misha Teplitskiy, Eamon Duede na James Evans, waliolinganisha ubora wa makala za Wikipedia ya Kiingereza na misimamo ya kisiasa ya waliozihariri. Makala zilizopitia mikononi mwa watu wa mirengo inayopingana zilikuwa bora kuliko zile za watu wa mrengo mmoja. Mijadala yao ilikuwa mirefu zaidi, ilishikamana zaidi na hoja, na ilizitumia zaidi sera za Wikipedia. Yaani waliofungwa na sheria moja ya mchezo walilazimishana kutafuta vyanzo bora. Nasisitiza hapo kwenye sheria moja, kwa sababu ndipo panapovunjika.

Chukueni swali la mto mrefu kuliko yote duniani. Vitabu vingi vinautaja Nile, wenye takriban kilomita 6,650, na kuupa Amazon takriban kilomita 6,400. Mwaka 2007 watafiti wa Brazil walidai kwamba Amazon unaanzia mbali zaidi, huko Peru, na kwamba ndio mrefu kuliko Nile. Tofauti hiyo imetokana na maswali halali: uanze kupima kutoka kijito kipi, na uhesabu kwamba mto umeishia wapi pale mdomo wake unapotanuka kuelekea baharini? Wahariri wawili wanaweza kutenguana, yaani kila mmoja kuyafuta mabadiliko ya mwenzake, mwezi mzima, mmoja akiandika Nile na mwingine Amazon, kila mmoja na tanbihi yake mkononi. Akija wa tatu akavisoma vyanzo vya wote wawili, ataandika kwamba kwa kawaida Nile ndio unaohesabiwa mrefu zaidi, kwamba watafiti fulani wanapinga, na kwa nini wapimaji hawapatani. Msomaji ataondoka na maarifa ambayo hakuna kati ya wale wawili aliyekusudia kumpa. Huo ndio utatuzi wa mzozo ninaoujua mimi, na mkabidhi hakuhitajika kubonyeza kitu.

Ipo mizozo isiyokubali dawa hiyo, kwa sababu kichwa cha makala ni kimoja tu. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligombana muda mrefu juu ya mji wa Poland unaoitwa Gdańsk kwa Kipolandi na Danzig kwa Kijerumani. Mwaka 2005 walipiga kura. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni jinsi swali lilivyokatwakatwa. Badala ya kuulizana mji huu ni wa nani, waliulizana utumike jina gani katika kipindi kipi cha historia. Matokeo yakawa Danzig kwa kipindi cha 1308 hadi 1945, na Gdańsk kwa kabla na baada ya hapo. Mimi si mpenzi wa kura katika kazi ya kamusi elezo, kwani wingi wa mikono haugeuzi uongo kuwa ukweli. Hata hivyo kura ile iliwekwa wazi pamoja na maswali yake na hoja zake, na mhariri anayefika leo kwa mara ya kwanza anaweza kuisoma yote na kujua kwa nini jina limekaa hivyo. Hakuna anayemwambia, "Tulishaamua," bila kumwonyesha ulipo uamuzi.

Sasa nije kwenye kutengua. Kitufe cha kutengua kiliwekwa kwa ajili ya kusafisha uharibifu haraka, na kwa kazi hiyo hakuna kinachokizidi. Kikitumika kujibu hoja, kinageuka kofi. Ndiyo maana Wikipedia ya Kiingereza, tangu 2004, imeweka kwamba mhariri anayetengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa, awe na haki au asiwe nayo. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haiulizi nani yuko sahihi. Inauliza tu nani amekataa kuzungumza. Lakini ina tundu ambalo kila mhariri mzoefu analijua. Inahesabu kwa kila mtu. Marafiki wawili wana mara sita, mgeni aliye peke yake ana tatu. Mgeni anagonga ukomo kwanza, anazuiwa, na historia ya ukurasa inamwonyesha yeye kuwa ndiye mgomvi. Mkabidhi anayehesabu tu bila kusoma amewapa ushindi wale wawili, na pengine hata hajui.

Kwa hiyo nawaomba: kabla ya kumzuia mtu kwa vita vya uhariri, yaani kutenguana mfululizo, fungueni ukurasa wa majadiliano. Tazameni nani aliandika pale na nani alinyamaza. Aliyetengua mara mbili bila kuandika hata sentensi moja ya maelezo amefanya kosa kubwa kuliko aliyetengua mara nne huku akiuliza kila mara, "Chanzo chako ni kipi?" Sisemi wa pili aachiwe. Nasema wa kwanza asipongezwe.

Na kufunga ukurasa nako. Ukurasa ukilindwa kabisa, wakabidhi peke yao ndio wanaoweza kuuhariri, na toleo la makala lililokutwa siku hiyo linabaki juu. Kila upande hulalamika kwamba limefungiwa toleo baya, na malalamiko hayo kwa kawaida hayana uzito. Lazima toleo fulani libaki. Yanapata uzito pale mfungaji alipokuwa mmoja wa wabishani. Kwanza anarudisha maneno yake, dakika chache baadaye anafunga mlango, na maelezo anayoacha ni "vita vya uhariri". Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Hata kama alikuwa sahihi kuhusu kila tarehe na kila jina, hakuna tena njia ya wengine kujua hivyo, kwa sababu haikuwa hoja yake iliyoshinda.

Mnaweza kunijibu kwamba tunatakiwa kuchukuliana kuwa kila mmoja ana nia njema, na kwamba ninawatilia shaka wakabidhi. Siwatilii shaka. Kanuni ninayoiomba inamlinda mkabidhi mwenye nia njema kuliko inavyomlinda mtu mwingine yeyote, kwa kuwa inamwondolea tuhuma kabla haijazaliwa. Mkabidhi akisema, "Mimi nimehariri makala hii, naomba mwingine aangalie," uamuzi utakaotoka utaheshimiwa hata na aliyeshindwa. Nimewaona wahariri wakiukubali uamuzi unaowaumiza, wakaendelea kuandika makala nyingine, kwa sababu tu waliona wamesikilizwa na mtu asiye na upande.

Halafu tunajua yanayoweza kutokea pasipo kanuni hii. Wikipedia ya Kikroeshia ilikuwa mikononi mwa kundi dogo la wakabidhi kwa karibu muongo mzima. Mwaka 2013 vyombo vya habari vilianza kuripoti juu ya jinsi makala zake za historia zilivyopindishwa, na waziri wa elimu wa Kroatia akawashauri wanafunzi wasiitegemee. Wahariri waliopinga walizuiwa au walikata tamaa wakaondoka. Hatua za kulivunja kundi hilo zilikuja 2020, na mwaka 2021 shirika la Wikimedia Foundation, linaloendesha Wikipedia, likachapisha tathmini iliyofanywa na mtaalamu wa nje, iliyoeleza jinsi kundi hilo lilivyotumia madaraka ya ukabidhi kuingiza upendeleo wa kizalendo uliokithiri na kuwanyamazisha wengine. Katika kisa hicho vyanzo havikukosekana, wala wahariri wenye ujuzi. Waliobishana ndio waliohukumu, na waliohukumu ndio waliochagua nani awe mkabidhi anayefuata. Nafasi ya kusahihisha ilizibwa kila upande.

Siwafananishi ninyi na kundi lile. Nataka mwone tu kwamba kila hatua yake ilikuwa ndogo. Kumzuia mtu siku tatu kwa "usumbufu". Kufuta swali kwenye ukurasa wa majadiliano kwa kuwa "lilishajibiwa". Kila moja ya hatua hizo ningeweza kuitetea ikiwa peke yake.

Nirudi kwenye sababu zilizoandikwa, maana hii ndiyo nusu ya pili ya ombi langu na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwaka 2018 Jane Im, Amy Zhang na wenzao walichunguza zaidi ya mijadala 7,000 ya kuomba maoni kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ile inayofunguliwa wahariri wawili wakishindwa kuelewana na kutaka wengine waje. Takriban theluthi moja haikufungwa na mtu yeyote. Watu walikuja, wakaandika, wakasubiri, mjadala ukafia njiani. Miongoni mwa sababu zilizoonekana ni swali lililoulizwa vibaya tangu mwanzo, wahariri wazoefu kutovutiwa, na mabishano yaliyorefuka hadi hakuna aliyetaka kuyasoma. Na hiyo ni kwenye toleo lenye wahariri wengi kuliko matoleo yote. Kwenye matoleo madogo hali haiwezi kuwa nyepesi.

Swali lililoulizwa vibaya ni kama hili: "Sehemu ya historia irekebishwe?" Nani atasema hapana? Swali zuri linaweka sentensi mbili ubavuni, hii iliyopo na hii inayopendekezwa, kila moja na vyanzo vyake, kisha linauliza ipi inawakilisha vyanzo kwa usahihi zaidi. Mkabidhi asiye na upande anaweza kufanya kazi hii kabla mjadala haujaanza, kwa kuwasaidia wabishani kukubaliana juu ya swali. Ni kazi isiyo na utukufu, na haihitaji kitufe. Naamini ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambayo mtu mwenye heshima katika jumuia anaweza kuitoa, kwa sababu mara nyingi wabishani wakilazimika kuandika swali pamoja wanagundua kwamba wanatofautiana juu ya neno moja tu.

Na anayefunga mjadala asihesabu vichwa. Muafaka hupimwa kwa uzito wa hoja mbele ya sera na vyanzo. Watu kumi wanaoandika "naunga mkono" bila kusema kwa nini wasimshinde mmoja aliyeleta kitabu na namba ya ukurasa. Lakini mkifunga kwa namna hiyo, mna deni la kueleza: hoja gani mliziona, ipi mliipa uzito, ipi mliiweka kando, kwa sera gani. Aya mbili zinatosha. Neno "Imefungwa" peke yake haliwezi kukatiwa rufaa wala kuwafundisha wanaokuja.

Kuna tabia nyingine inayokua na inayoniumiza: kuamua mambo nje ya Wikipedia, kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Naelewa inavyoanza. Watu wanafahamiana, ujumbe wa simu ni wa haraka, na ukurasa wa majadiliano unaonekana kimya kama hauna mtu. Mhariri anaandika kwenye kundi, "Jamani, kuna mtu anaharibu makala yangu," na ndani ya robo saa watano wameingia na kutengua. Aliyetenguliwa hayumo kwenye kundi. Anachokiona ni watu watano wasiompa sababu, na hana pa kujibu. Zaidi ya hapo, hoja zilizotolewa kule, hata zikiwa nzuri, hazipo kwenye kumbukumbu. Miaka miwili baadaye swali likirudi, hakuna wa kusema lilijibiwaje. Tumieni makundi kwa kutiana moyo na kupanga warsha. Uamuzi juu ya maneno ya makala uandikwe kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala hiyo, na mkabidhi aliyeitwa kupitia kundi ajihesabu kuwa ameitwa na upande mmoja.

Wanaoumia zaidi katika yote haya ni wageni. Aaron Halfaker na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele 2007 kisha ikashuka, na kwamba sababu moja kubwa ilikuwa wageni wenye nia njema kutenguliwa kazi zao za kwanza, mara nyingi na zana za kujiendesha, bila maongezi. Mgeni hajui kwamba kila badiliko linabaki kwenye historia. Akitenguliwa anadhani kazi yake imechomwa. Hajui palipo na ukurasa wa majadiliano. Akiambiwa "soma sera", kwenye matoleo mengi madogo kiungo kinampeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza, au ukurasa mtupu. Huwezi kumhukumu mtu kwa sheria ambayo hukumwandikia kwa lugha anayoandikia. Kabla hatujaongeza adhabu yoyote, tafsirini kurasa chache tu: uthibitishaji wa habari, mtazamo usioelemea upande, vita vya uhariri, na namna ya kukata rufaa. Wengi wetu tutashika kazi hiyo mkituonyesha pa kuanzia.

Sasa pingamizi kubwa, nalo ni la haki: "Tuko wachache mno." Toleo lenye wakabidhi watatu, mmoja amepotea na wawili ni marafiki, litampata wapi asiyehusika? Jibu langu ni kwamba asiyehusika anaweza kutoka toleo lingine. Wapo wasimamizi wakuu wanaochaguliwa kila mwaka kuhudumia miradi yote, na kwa matoleo yasiyo na wakabidhi tayari wao ndio wanaochukua hatua. Tangu 2024 ipo pia kamati iliyochaguliwa kusimamia Kanuni za Maadili za Ulimwengu, zile za miradi yote zilizoidhinishwa na Bodi ya Wadhamini ya Wikimedia Foundation mwishoni mwa 2020, ambazo zina sehemu mahsusi kuhusu matumizi mabaya ya madaraka. Vyombo hivyo ni vya mambo mazito, wala visiitwe kwa kila ubishi wa tahajia. Kwa ubishi wa kawaida, matoleo mawili au matatu yanayoelewana lugha au jirani kikazi yanaweza kukubaliana kuazimana wasuluhishi. Msuluhishi wa nje hahitaji kujua kila neno la makala. Anahitaji kuuliza: nani ameleta chanzo, chanzo kinasema nini, nani amekataa kujibu?

Siombi utaratibu mzito. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na Kamati ya Upatanishi kwa miaka mingi, ikafungwa 2018 kwa kuwa ilikuwa karibu haitumiki; watu walipendelea njia nyepesi zaidi, kama ile ya kuomba maoni ya mtu wa tatu. Kamati ya Usuluhishi iliyoundwa na Jimmy Wales mwishoni mwa 2003 bado ipo, lakini haiamui maneno ya makala. Inashughulika na mienendo ya watu. Mpaka huo ni wa busara na ningependa tuuige: atakayeitwa kuamua mwenendo asiwe pia mwamuzi wa yaliyomo.

Kuna hali ambazo kanuni yangu lazima ipishe. Mtu anayefuta makala nzima na kuandika matusi azuiwe na mkabidhi yeyote, hata kama makala hiyo aliiandika mkabidhi huyo huyo. Tuhuma zisizo na chanzo dhidi ya mtu aliye hai ziondolewe mara moja, kwa sababu saa moja ya kusubiri inaweza kumharibia mtu maisha. Namba ya simu au anwani ya mtu vilevile. Katika mambo hayo tunataka haraka. Ila mkabidhi aliyekuwa na ubishi na mhusika aandike baadaye alichofanya na awaombe wenzake wakipitie. Na neno "uharibifu" litunzwe kwa uharibifu. Mhariri anayeleta chanzo dhaifu amekosea chanzo, hajaharibu kitu.

Ninachowaomba kwa vitendo ni hiki. Kila toleo ambalo halijaandika kanuni ya mkabidhi aliyehusika liiweke kwenye ukurasa wa jumuia kama pendekezo, kwa lugha yake yenyewe, si kiungo cha Kiingereza. Mjadala ukae wazi siku 30, wahariri wote wajulishwe kwa tangazo linaloonekana, na afunge mtu ambaye si mkabidhi wa toleo hilo. Ufunguliwe ukurasa mmoja wa rufaa ambao aliyezuiwa anaweza kuufikia kupitia ukurasa wake wa majadiliano, na kila rufaa ijibiwe na asiyekuwa mzuiaji. Kwa toleo ninalolihariri mimi, nimeanza kuandika rasimu, na nitaiweka hapo iwapo hakuna mkabidhi atakayependa kuitangulia. Mkiona kifungu kisichofaa, kitengueni, kisha njooni kwenye ukurasa wa majadiliano mniambie kwa nini.

Wenu katika kazi hii,
Mhariri mwenzenu